Huyo Kongowea ni Mtu wa Wapi?

Mara ya kwanza nilisoma Siku Njema kwa mikesha miwili, mtihani ukiwa mlangoni. Riwaya mkono huu, mwongozo mkono ule. Maudhui: andika, kariri. Mhusika mkuu: Kongowea Mswahili, sifa zake hizi na hizi. Nikapita, nikasahau. Ungeniuliza riwaya yenyewe inasema nini, ningekupa orodha.

Mwaka huu nimeirudia nikiwa Ramisi, kwa nyanya. Macho yake hayawezi tena maandishi madogo, kwa hivyo namsomea kwa sauti, kurasa chache kila jioni tukishakula. Kusoma kwa sauti hakuna njia ya mkato, bana. Huwezi kuruka aya, na msikilizaji ana maswali.

Jioni ya pili alinisimamisha.

"Ngoja kwanza, mjukuu wangu. Huyo Kongowea ni mtu wa wapi?"

"Wa Tanga, nyanya."

"Kwani Kongowea si Mombasa?"

Nikanyamaza. Kongowea kweli ni jina la kale la Mombasa; leo wengi tunalijua kwa soko. Ken Walibora, aliyechapisha riwaya hii mwaka 1996, amemchukua mtoto wa Tanga akampa jina la mji ulio ng'ambo ya mpaka, kisha akalimalizia kwa Mswahili. Mama, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu. Baba hayupo, na kumtafuta kunampeleka kijana Kenya, hadi bara, upande wa Kitale. Walibora mwenyewe alikuwa mtu wa bara. Basi jina hilo ni hoja nzima: Mswahili ni nani? Ni aliyezaliwa mahali fulani, au ni yule anayeishi ndani ya lugha hii? Nilipoisoma mbio, jina lilikuwa jina tu, la kujazia karatasi.

Nyanya hakuuliza ovyo. Yeye ni Mmakonde. Wazazi wake walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya huku Kwale, na hata kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, yeye alikuwa bado anahesabiwa mgeni. "Wewe ni mtu wa wapi?" ni swali aliloulizwa maisha yake yote. Ilibidi Wamakonde watoke Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, Oktoba 2016, ndipo serikali ikakubali kuwapa vitambulisho. Alipata chake akiwa tayari ni nyanya. Sasa niambie, mwongozo gani ungeniandikia hayo?

Lakini kusoma polepole si kusoma kwa kusifu tu. Mwendo huu unaonyesha na nyufa. Kongowea anaandamwa na bahati mno. Penye shida, mlango unafunguka. Methali nazo zimerundikana mahali pengine mpaka hadithi inakosa pumzi. Nyanya alikuwa akiguna. "Huyu mwandishi anapenda kusema," aliniambia, na hapo alikuwa mhakiki kuliko mimi niliyepewa alama kwa kazi hiyo.

Siku hizi tunashindana: vitabu 50 kwa mwaka, piga picha, weka mtandaoni. Sina ugomvi na anayesoma vingi. Nauliza tu, katika hivyo 50, ni kipi kilikuuliza swali ukakosa jibu? Muwa hapa Ramisi unaweza kuupeleka kiwandani ukasagwa na mamia mengine, au ukaumenya ukautafuna mwenyewe, pingili kwa pingili. Utamu unaujua ukiutafuna.

Walibora alifariki Aprili 2020, na wengi tuliomwombolezea tulikuwa tumemsoma kwa ajili ya mtihani. Hebu tafuta ile setibuku uliyoichukia Form Four. Isome kwa sauti, na mtu akiwa karibu. Akikukatiza, mwache aulize.

Sisi bado hatujafika Kitale. Nyanya anasema hakuna haraka.