Kabla ya Kujibu Ndiyo

Ukiiamuru Debian isakinishe programu kwa apt, na programu hiyo ikahitaji zaidi ya ulichotaja, mashine husimama kwanza. Hutandaza majina ya vifurushi vyote vitakavyoingia, hutaja ukubwa wa kitakachopakuliwa na nafasi itakayochukuliwa kwenye diski, kisha huuliza kama iendelee. Wengi hujibu ndiyo macho yakiwa yameshahamia kwingine. Fundi ninayemsifu hapa husoma orodha ile jina kwa jina, na akikuta asilolijua huacha kila kitu akatafute limeingiaje.

Tuseme anataka kitu cha kufungulia picha, basi. digiKam ni kazi nzuri ya watu hodari, lakini huja na hifadhidata ya kutunzia kumbukumbu za albamu na msafara wa maktaba za KDE. Huyo ni mgeni wa mpiga picha mwenye maelfu ya picha za kupanga. feh inasimama juu ya Imlib2 na maktaba nyingine chache, inafungua picha, inatulia. Fundi wetu huichukua feh, tena huangalia kama apt imechomeka na vile vinavyopendekezwa tu, kwa sababu kwa kawaida Debian huleta vyote viwili, cha lazima na cha hiari. Kuna neno la kuzuia hilo, --no-install-recommends, na anayenunua bando anajua thamani yake. Hata hivyo halitumii kwa upofu. Baadhi ya mapendekezo ndiyo yanayoifanya programu iwe na maana, kwa hiyo hulipitia kila moja, akakata hapa, akaacha pale.

Kisha huja hatua ninayoipenda zaidi. Programu ikishaingia, huiuliza yenyewe inamtegemea nani. Amri ya ldd huonyesha ukoo mzima: maktaba zilizoombwa, na zilizoombwa na hizo, hadi mwisho. objdump -p huonyesha, katika mistari ya NEEDED, zile tu ambazo programu imeziomba kwa jina. Ukiweka majibu hayo mawili kando kwa kando unaona mzigo gani ni wa mwandishi na upi ni wa jamaa zake. Kwa faili lililotoka asikokujua, fundi hutumia objdump peke yake, maana ldd inaweza kuishia kuliendesha faili lenyewe.

Orodha fupi nayo inaweza kudanganya. Programu iliyojengwa kwa Electron hubeba kivinjari chake kizima, Chromium, tumboni. Ukiwa na programu tatu za aina hiyo, umebeba Chromium tatu. Maktaba ya pamoja kama GTK, kwa upande mwingine, sehemu kubwa ya msimbo wake huwekwa kwenye RAM mara moja na programu zote zikaichangia. Mwenye Firefox kwenye Linux tayari ana GTK, hivyo kihariri kidogo cha GTK kama Mousepad humwongezea mzigo mdogo mno. Uzito hupimwa kwa mashine iliyopo, na kwa yale ambayo mashine hiyo imekwisha kuyabeba.

Anayedhani haya ni ushabiki wa wenye kompyuta kuukuu akumbuke Machi 2024. Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, aliona kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, katika maktaba ya kubana mafaili iitwayo liblzma. OpenSSH haikuwa imeiomba maktaba hiyo hata kidogo. Debian na wengine walikuwa wameiunganisha sshd, seva ya OpenSSH, na libsystemd ili iweze kuujulisha mfumo kwamba imeshaanza kazi, na libsystemd ikaja na liblzma. Ujumbe wenyewe ni maneno machache yanayotumwa kwenye soketi. Miezi michache baadaye, katika toleo la 9.8, waandishi wa OpenSSH waliandika njia yao wenyewe ya kuutuma, bila libsystemd. Ule msimbo mdogo nauhesabu kuwa kazi ya heshima.

Heshima hiyohiyo anaistahili Anselm R. Garbe, aliyetoa dwm mwaka 2006, programu ya kupanga madirisha ambayo waandishi wake wamejiwekea mpaka wa mistari 2,000 ya msimbo. Haina faili la mipangilio, kwa hiyo haina msimbo wa kulisoma. Ukitaka kubadilisha rangi unahariri config.h na kuijenga upya. Kila kinachokosekana pale kuna mtu aliyekifikiria akakikataa.

Lakini kukataa kuna bei, na fundi wa kweli anaijua. Xft, inayochora herufi ndani ya dwm na ndani ya terminali ya st, haiunganishi herufi za Kiarabu wala haizipangi kutoka kulia kwenda kushoto. Msomi wa tenzi zilizoandikwa Lamu au Pate kwa hati hiyo, akifungua nakala yake ndani ya st, ataona herufi zimesimama mojamoja, zikielekea upande usio wake. Anahitaji HarfBuzz ya kuunganisha, FriBidi ya kupanga mwelekeo, na Pango inayozitumia zote mbili. Vivyo hivyo asiyeona anayesikiliza skrini ikisomwa: GTK na Qt zina njia za kuzungumza na kisoma-skrini, ilhali programu nyingi zilizochorwa moja kwa moja juu ya mfumo wa madirisha wa X hukaa kimya kabisa. Kwa watu hawa orodha itakuwa ndefu, fundi ataisoma yote kama kawaida yake, na atajibu ndiyo.