Ukuta Mjanja au Ukuta Mwitikivu? Uhakiki wa Istilahi ya Usanifu Majengo kwa Mazingira ya Arua na Koboko

Kwa kufuata mfano wa simu janja na runinga janja, ni rahisi kuuita ukuta mjanja uso wa jengo unaojirekebisha kufuatana na mwanga na hewa. Makala haya yanadai kuwa istilahi hiyo inapotosha: inauweka werevu ndani ya mashine na kumfuta mkaaji.

Majengo yanayosifiwa zaidi yanathibitisha hoja hii. Institut du Monde Arabe ya Jean Nouvel, iliyofunguliwa Paris mwaka 1987, ina vidirisha 240 vyenye mboni za chuma. Mitambo yake ilikwama mara kwa mara. Minara ya Al Bahr, Abu Dhabi, ya mwaka 2012, hufungua na kufunga vivuli vyake kwa kompyuta. Yote yaliiga mashrabiya, dirisha la mbao zilizosukwa ambalo halikuhitaji umeme.

Eneo la West Nile lilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, likitegemea jenereta na kituo cha Nyagak chenye megawati 3.5. Kituo cha afya cha Koboko chenye vivuli vya mota kingebaki gizani umeme ukikatika, na vumbi la kiangazi lingeziba vitambuzi vyake. Isitoshe, Arua iko nyuzi 3 hivi kaskazini mwa ikweta. Jua la adhuhuri huegemea kusini mwezi Desemba na kaskazini mwezi Juni, lakini halishuki sana. Upenu mpana hutosha pande hizo. Tatizo ni mashariki na magharibi, ambako jua la asubuhi na jioni hupenya chini ya upenu. Huko panahitajika ukuta wa matundu pamoja na vibao vya mbao vinavyofungwa kwa mkono mvua inapokuja.

Ndiyo maana istilahi ukuta mwitikivu inafaa zaidi: hakuna kuitika pasipo anayeita. Miongozo inayotekeleza Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya Uganda ya mwaka 2013, itakapoandikwa kwa Kiswahili, iseme wazi nani atafungua, nani atafunga, na fundi gani wa Arua ataweza kutengeneza. Istilahi isiyouliza maswali hayo itawanunulia wagonjwa wa Koboko kuta zisizofunguka.