Nafsinenewa katika Al-Inkishafi: Mshairi Anasema na Nani?

Hebu litazame jibu hili ambalo nimelisahihisha mara nyingi: "Mshairi wa Al-Inkishafi anawaonya matajiri waache kuipenda dunia." Je, utalipa alama? Mimi nilikuwa nikilipa, hadi mwanafunzi mmoja hapa Takawiri aliponiuliza: kama wanaoonywa ni matajiri, sisi wana wa wavuvi utenzi huu unatuhusu nini?

Swali hilo lilinirudisha kwenye matini. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate hasemi na tajiri yeyote. Anasema na moyo wake mwenyewe. Huo ndio anaoukemea na kuubembeleza. Huo ndio anaoutajia majumba ya Pate yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure, ambayo sasa ni makao ya popo. Matajiri wamo, lakini ni ushahidi tu. Mtahiniwa asiyemtambua nafsinenewa huyu ataikosa toni, na akiikosa toni, dhamira nayo itampotea.

Mfano wa mbali utatusaidia. Kaisari Marcus Aurelius, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, aliandika tafakuri zake kwa Kigiriki, nyingine akiwa vitani karibu na mto Danube. "Wewe" wa maandishi hayo ni yeye mwenyewe. Naye pia huwataja waliopita, hata baraza zima la Augustus, jamaa na matabibu wake, kisha huuliza wako wapi. Maswali ya balagha yale yale! Sidai kwamba Sayyid alimsoma. Mtindo wa kuwaulizia wafu umo hata katika ushairi wa Kiarabu, ambao wanazuoni wa Pate waliufahamu zaidi. Nadai tu kwamba mtu akitaka kuukabili udhaifu wa binadamu kwa dhati, huanza na wa kwake.

Hata hivyo, usiwafanye pacha. Marcus aliifuata falsafa ya Wastoiki: kifo ni kazi ya maumbile, basi tulia utimize wajibu wa leo. Kwa Sayyid kaburi si mwisho, na jahanamu anazitaja kwa majina. Moyo wake una hofu na haraka. Anayeandika kwamba toni ya utenzi huu ni ya utulivu amekosea.

Nije kwenye tashibihi ya taa katika upepo. Miongozo huieleza kwa maneno matatu, "maisha ni mafupi", ikapita. Lakini hapa kisiwani wavuvi wa omena hufanya kazi usiku wakiwa na taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi za sola zimeongezeka. Ukiwa ufuoni waweza kuzihesabu. Upepo ukipanda na moja ikakosekana, walio nchi kavu hunyamaza. Nilipofundisha ubeti huo, msichana mmoja alisema, "Mwalimu, shida si kwamba taa ni ndogo. Shida ni kwamba hakuna wa kuuzuia upepo." Mshairi mwenyewe anasema taa hiyo haizuiliki inapozimika; mwongozo niliokuwa nao mkononi haukuwa umeligusa hilo.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza darasani si "Eleza ujumbe wa mshairi" tena. Huwauliza, "Nani anasemeshwa, na kwa toni gani? Thibitisha." Nimesahihisha majibu mafupi zaidi, na mengine yamenishinda kuyatia kalamu nyekundu.