Karatasi ya Mlangoni: Juu ya Neno "Kutoa"

Miongoni mwa maandishi mafupi yaliyosomwa na watu wengi kuliko vitabu vingi, imo karatasi moja iliyobandikwa katika mlango wa kanisa la Tyneham, kijiji kidogo cha Dorset, kusini mwa Uingereza, mwezi wa Desemba mwaka 1943. Haifiki mistari kumi. Haikuandikwa na mtunzi, wala haikukusudiwa kuhakikiwa. Lakini imenakiliwa, imepigwa chapa na kukaririwa kwa miaka themanini na zaidi, na maandishi yanayokaririwa hivyo huwa yamekwisha kuingia katika fasihi, yapende yasipende. Nia yangu ni kuisoma kama tusomavyo shairi, yaani neno kwa neno, na hasa neno moja ambalo naona wasomaji wake wengi wamelipita bila ya kusimama.

Kijiji chenyewe kilikuwa katika bonde lishukalo baharini, kwenye ghuba ya Worbarrow. Jirani yake, upande wa Lulworth, jeshi lilikuwa na mahali pa kufundishia mizinga ya vifaru tangu siku za Vita Kuu ya Kwanza, na kwa miaka ishirini na zaidi wanakijiji walizoea ngurumo zake kama watu wa pwani wazoeavyo mawimbi. Vita vya pili vilipopamba moto, uwanja wa shabaha ulionekana mdogo. Barua ya tarehe 16 Novemba 1943 ikawaambia wenyeji wawe wamekwisha kuondoka kufikia tarehe 19 Desemba. Eka 7,500 hivi zilichukuliwa, na watu wapatao 225 wakahama siku chache kabla ya Krismasi.

Katika karatasi yao, walioondoka waliwasihi askari walitunze kanisa na nyumba. Walieleza kuwa wameyatoa makazi yao, ambayo wengi wao waliyakaa kizazi baada ya kizazi, ili kusaidia vita vishindwe na watu wabaki huru. Mwisho walisema kuwa siku moja watarudi, nao watashukuru kwa wema kiliofanyiwa kijiji. Basi, hayo tu. Hapana laana, hapana kilio, wala hapana jina la adui.

Neno ninalolitaka ni hilo la kutoa. Halikutoka hewani. Barua ya jenerali iliyowafikia mwezi uliotangulia ilikuwa amri, kwani nyuma yake kulikuwako sheria ya vita. Lakini ilivishwa vazi la ombi. Ilisema serikali yatambua kuwa kafara waombwayo si ndogo, nayo ina hakika kuwa watatoa msaada huo mwingine kwa moyo mkunjufu. Tazama jinsi kitenzi kilivyosafiri: kilianza katika kalamu ya mwenye amri, kikaishia katika kalamu ya mwenye kuamriwa.

Nilipowapa wanafunzi wangu karatasi hii waifasiri, nilipata majibu matatu. Wa kwanza aliandika, "Tumetoa nyumba zetu." Wa pili, "Tumetoka katika nyumba zetu." Wa tatu, ambaye nilimkatia alama, aliandika, "Tumetolewa katika nyumba zetu." Yafaa kuyaweka maneno hayo pamoja na kuyatazama. Asili yao ni moja, na herufi chache tu katika mkia zatenga sadaka, safari na fukuzo. Nilimwita yule wa tatu nimweleze kosa lake. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimefasiri lililotokea."

Sikumrudishia alama yake, maana kazi ya mfasiri ni kufuata maandishi, nayo maandishi yanasema kutoa. Hata hivyo jibu lake halikuniacha. Nilijiuliza ikiwa waliobandika karatasi walikuwa wajinga kiasi cha kutojua kuwa wametolewa, na sikuweza kuamini hivyo. Mtu anayepakia kitanda chake katika gari mwezi wa Desemba ajua ni nani aliyemwambia apakie.

Mawazo yangu sasa ni haya. Husemwa kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini methali hiyo yatazama upande wa mtoaji tu. Kuna upande wa pili, wa aliyepewa. Ukimwambia mtu "umeninyang'anya," umemfanya adui, na adui hana deni la hisani kwako. Ukimwambia "nimekupa," umemfanya mdeni. Wanakijiji walilichukua neno ambalo jenerali alilitumia kuulainisha uchungu wa amri, wakaligeuza likawa kamba ya kuwafungia askari. Nyumba zimetolewa, basi zina mtoaji; zina mtoaji, basi zitadaiwa. Kwa hiyo unyenyekevu wa karatasi hii ni mkali kuliko uonekanavyo, na wale waisomao kama maneno ya watu watiifu waliojitoa mhanga kimya wameisoma nusu.

Tena wapo waisomao kama marsiya ya kijiji kilichokufa. Hao nao siwakubali. Marsiya hutungwa na ajuaye kuwa aliyekwenda harudi. Karatasi hii yatumia wakati ujao bila ya shaka yoyote: tutarudi. Ni maneno ya mwenye nyumba anayemwachia mgeni ufunguo. Huzuni tuionayo ndani yake haikuwamo mwaka 1943. Iliingizwa mwaka 1948, serikali ilipoamua kuitwaa ardhi ile moja kwa moja, na tangu hapo kila msomaji huja nayo mfukoni. Wizara haikuongeza hata nukta katika karatasi, lakini iliibadili aina yake: barua ikawa kaburi. Ni mara chache mhakiki huona tukio la nje likiyageuza maandishi namna hiyo.

Sasa lipo jambo ambalo karatasi yenyewe yalificha, nalo ni neno "sisi." Bonde lile lilikuwa mali ya ukoo mmoja, ukoo wa Bond, uliokaa katika jumba kubwa, wavuvi, wafuaji nguo na wafanyakazi wa mashamba walikuwa wapangaji wake. Inaelezwa kuwa wapangaji hao, kwa kuwa hawakumiliki nyumba, walilipwa thamani ya mboga zilizokuwa bustanini mwao, basi. Mtu hawezi kutoa kisheria kitu asichokuwa nacho. Kumbe "sisi" ile ya mlangoni iliwaunganisha kwa siku moja mwenye jumba na mwenye bustani ya kabeji, waliokuwa hawakuunganishwa na hati yoyote nyingine. Wala kijiji hakikuwa pepo. Shule yake ilikwisha kufungwa mwaka 1932 kwa uchache wa watoto, miaka kumi na mmoja kabla ya jeshi kubisha hodi. Patrick Wright, katika kitabu chake cha mwaka 1995, The Village That Died for England, ameonyesha kwa urefu jinsi watu wa kila namna ya siasa walivyokishika kijiji hiki na kukifanya sanamu ya Uingereza iliyopotea. Namsifu kwa hilo. Karatasi ikiwa tamu sana, kila mtu huitia sukari yake.

Na je, ombi la kutunzwa lilisikika? Kanisa na shule vimehifadhiwa. Nyumba nyingi hazina mapaa. Jumba kubwa lilibomolewa kwa sehemu katika miaka ya 1960, si kwa kombora bali kwa kazi ya serikali. Kibanda cha simu kiliponea mizinga kwa miaka arobaini, kikaja kuvunjwa na watu wa filamu mwaka 1985. Nao, kwa kejeli ambayo mtunzi angeona haya kuibuni, walikuwa wakitengeneza filamu juu ya maskini wa Dorset waliohamishwa ng'ambo kwa nguvu katika karne ya kumi na tisa.

Jeshi hilohilo, tangu miaka ya mwanzo ya uhuru wa Kenya, limefanya mazoezi yake pia katika nchi ya Wasamburu, karibu na mji mdogo wa Archer's Post, kando ya mto Uaso Nyiro. Jina la mji ni la Geoffrey Archer, ofisa wa kikoloni. Huko wenyeji hawakuandikiwa barua ya kuhama. Walibaki, nao wakachunga mbuzi na ng'ombe katika ardhi ileile ambamo makombora yaliachwa bila ya kulipuka. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200, Wasamburu na Wamaasai, walioumia au kufiwa katika viwanja vya Archer's Post na Dol Dol.

Kwa kuwa hawakuondoka, hawakuwa na mlango wa kubandika karatasi. Maandishi yao ni maelezo waliyochukuliwa na mawakili: siku gani, mahali gani, kiungo gani cha mwili. Hapana kutoa wala kutolewa ndani ya kisa cha namna hiyo. Kitenzi chake ni kuokota. Mtoto anaokota chuma asichokijua, na kuokota ni kitenzi kisichohitaji mtoaji; kilichookotwa chaonekana kama hakikutoka kwa mtu. Ndiyo maana wakili alihitajika: kazi yake ilikuwa kukirudishia kitenzi kile mtenda wake. Sijaona mtu aliyeyasoma maelezo ya aina hii kwa uangalifu ule tunaoipa karatasi ya Tyneham, nami najihesabu katika kosa hilo, kwani nimetumia kurasa mbili juu ya mistari michache ya Dorset, na aya mbili juu ya hawa.

Siku hizi bonde la Tyneham hufunguliwa kwa watu siku nyingi za mwisho wa juma, mizinga inaponyamaza. Wageni huegesha magari, huingia kanisani na kuyasoma maneno ya karatasi kwa sauti ya chini. Kisha hutoka nje, wakakuta mabao ya jeshi yasemayo wasiache njia wala wasiguse chuma chochote. Hayo hayana tafadhali. Wazazi huwashika watoto mikono, wakazifuata nguzo za manjano mpaka mwisho wa njia.