Amri ya Shemwindo ilivyosukwa

Kalembe iko mpakani mwa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, na ukishika njia ya Walikale unaingia kwa Wanyanga, wenye utendi wa Mwindo. Masimulizi yake yanayojulikana zaidi ni ya Candi Rureke, aliyeyaimba, kuyacheza na kuyasimulia mwaka 1956. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakayachapa mwaka 1969. Wengi humsifu shujaa. Mimi humtazama baba yake, maana tamaa ya mzazi sijaiona ikisukwa kwa ufundi kama huu.

Baba huyo, Shemwindo, ni mwami, yaani mtawala, wa Tubondo mwenye wake saba. Anakusanya wazee na raia, anatoa amri: wake zake wazae mabinti tu, na akizaliwa wa kiume ni kifo. Binti huleta mahari. Mvulana hukua akakitazama kiti cha baba. Hayo Rureke haelezi. Wala hamwekei Shemwindo wachawi wa kumchochea, kama wale wa tamthilia ya Makbeth iliyofasiriwa na S. S. Mushi. Tamaa inamtoka kinywani mwenyewe, hadharani, na hatusikii mzee akimpinga. Ya moyoni mwa mtu mmoja yamekuwa sheria ya watu wote.

Baada ya amri, msikilizaji anangoja mtoto. Rureke anamzungusha kwanza: anasimulia kwa kirefu jinsi Iyangura, dada wa Shemwindo, alivyoolewa na Mukiti, nyoka mkuu wa maji. Inaonekana kama hadithi imepotea njia. Kisha wake sita wanazaa mabinti, Mwindo anazaliwa kwa yule wa saba, wakunga wananyamaza, na nyenje ndiye anayetoboa siri. Baba anarusha mkuki, unakosa. Anamzika, mtoto anatoka kaburini. Anaamuru afungiwe ndani ya ngoma, itupwe majini. Ngoma inaelea huku Mwindo akiimba. Inaelekea kwa nani? Kwa shangazi yake. Ndoa ile ile aliyoipokelea mahari Shemwindo ndiyo inayomlea adui aliyejitengenezea. Huu kwangu ndio ufundi mkubwa kuliko miujiza yote ya utendi.

Mwindo anarudi kumkabili baba, na Tubondo inateketea kwa radi ya Nkuba, bwana wa radi. Mwami anang'oa mmea wa kikoka, anakimbilia kuzimu kupitia shimo la mmea huo. Mwanawe anamfuata hadi huko na kumrudisha hai. Kesi inasikilizwa mkutanoni, pale pale ilipoanzia amri. Shemwindo anasimulia matendo yake mbele za watu, na Iyangura anawalaumu kaka yake na wazee pamoja. Lawama zingeishia kwa baba tu, mkutano wa kwanza ungebaki pambo.

Baba anamwachia mwana Tubondo, anahamia mlimani. Baadaye Mwindo naye anavimba kichwa, anamuua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, na Nkuba anampandisha mbinguni mwaka mzima kumwadhibu. Anaporudi anakusanya watu na kutoa amri zake, mojawapo kwamba wazae watoto, warefu kwa wafupi.