Chokaa ya Usiku

Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa matumbawe. Kuta zake nene, kuanzia Shangani hadi Malindi, ni mawe yaliyochimbwa kwenye miamba ya kale na kushikizwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Mawe hupangwa juu ya magogo, tanuu ikawashwa na kuachwa mpaka moto uzime wenyewe. Yakishaiva humwagiwa maji, yakafoka mvuke, yakapasuka na kuporomoka kuwa unga. Unga huo ndio uliopiga lipu mji mzima, na chokaa ya jamii hiyohiyo ndiyo iliyomo kwenye kikopo cha muuza tambuu.

Wapo watu duniani wanaoufuata mwendo huo kinyumenyume. Usiku, taa za nyumba zikishazimwa, wanadondosha maji ya chokaa tone kwa tone ndani ya tangi la kioo lenye maji ya bahari, na matumbawe hai yaliyomo humo huyatumia kujengea jiwe jipya. Njia hiyo aliieneza mfugaji mmoja wa Ulaya, Peter Wilkens, katika miaka ya 1970, na mpaka leo, pamoja na mashine zote zilizobuniwa baadaye, wako wakongwe wa kazi hii wasiotaka kusikia njia nyingine. Mimi nawaelewa. Kati ya kazi zote za mikono zinazofanywa nyumbani, hii ya kufuga mwamba wa bahari ni mojawapo ninayoivulia kofia, kwa kuwa pesa zinaweza kununua kila kifaa chake lakini haziwezi kuiharakisha hata kwa wiki moja.

Watu wengi wakisikia tangi la maji chumvi hufikiria samaki. Samaki ndio sehemu rahisi, na nakiri nina ubaguzi kidogo: tangi lililojaa samaki wa rangi juu ya mawe matupu hunichosha upesi. Mwenye shughuli ni tumbawe. Ni mnyama, ingawa halitembei. Ndani ya nyama yake nyembamba huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaopika chakula kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba sehemu kubwa ya mapato. Kwa nguvu hiyo tumbawe huchota kalsiamu na kaboneti majini na kujijengea mifupa. Baharini hilo si tatizo, maana maji hayaishi. Katika tangi la lita 200 lenye matumbawe magumu yanayokua vizuri, madini hayo hupungua siku hadi siku, na asiyerudisha kilicholiwa ataona ukuaji unasimama, kisha nyama inaanza kubanduka.

Ndiyo maana ya chokaa ya usiku. Lita moja ya maji hukubali kuyeyusha kama gramu moja na nusu tu ya chokaa. Inayozidi hutuama chini, na maji maangavu ya juu ndiyo yanayotumika. Ni makali, yanaunguza ngozi, na yakimiminwa kwa pupa yataua kila kitu. Yanadondoshwa usiku kwa sababu mwanga ukizimwa mwani huacha kula hewa ukaa, hewa hiyo hujilimbikiza na maji huelekea kwenye uchachu. Ukali wa chokaa unafika saa ileile unapohitajika. Isitoshe, maji hayo huziba pengo la yaliyokauka mchana. Tone moja linafanya kazi tatu. (Chokaa ya kujengea au ya tambuu haifai, ina mchanganyiko mwingi. Inatakiwa safi, ya kiwango cha chakula.)

Ufundi wa namna hii haukuanzia Ulaya peke yake. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta, alieleza jinsi alivyofuga viumbe wa mwamba kwa kutumia mawe hai yaliyotoka baharini, maji ya bahari, mwanga na mapovu ya hewa, basi. Wakati huo wengine walikuwa wakisugua mawe yao kwa dawa mpaka yang'ae. Lee aliyaacha na uchafu wake, kwa sababu mawe hayo yana vitundu, na ndani ya vitundu wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya mikojo na mabaki ya chakula kuwa nitraiti, kisha nitreti, ambayo si sumu kubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujipanga katika tangi jipya. Katika wiki hizo tangi ni maji na mawe tu, halina cha kumwonyesha mgeni, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo au, vibaya zaidi, hutia samaki.

Mtu wa Unguja anayetaka kujaribu atadhani ana bahati, kwa kuwa bahari iko mlangoni. Bahati hiyo ina masharti. Maji ya mbele ya Forodhani hupokea maji machafu ya mji na mafuta ya vyombo vya bandarini. Ya kufaa huchotwa mbali na mji, wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa tele, bahari kuu ilipoingia hadi ufukweni. Maji yakipwa, unachochota ni yale yaliyopikwa na jua juu ya mchanga. Maji ya kisima nayo si ya kuongezea. Kisiwa chenyewe ni mwamba wa chokaa, maji yake ya chini ni mazito kwa madini, na tangi linataka maji matupu yaliyochujwa mpaka yasibaki na kitu. Wageni wa kazi hii hukosea hapa mara kwa mara: maji yakipungua kwa joto wanaongeza ya bahari, wakasahau kwamba kilichokauka ni maji na chumvi imebaki palepale. Siku kadhaa za hivyo, chumvi imepanda kutoka sehemu 35 kwa elfu hadi 38 au zaidi, na matumbawe yamejikunja.

Halafu kuna joto. Vitabu vya Wazungu vina sura nzima kuhusu hita. Kwetu hita ni pambo; shida ni kupooza. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha joto kwa digrii mbili tatu, kwa kuwa maji yanayoruka huondoka na joto. Lakini mwezi wa Machi, kaskazi ikishatulia na hewa imejaa unyevu kabla ya masika, maji hayaruki vizuri na feni inazunguka bure. Mwezi huo ndio bahari yenyewe inapofikia kilele cha joto, kwa hiyo hata maji mapya yanaingia yakiwa moto.

Na umeme. Mei 2008 njia ya umeme inayokuja Unguja kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari iliharibika, kisiwa kikakaa gizani takriban mwezi mzima. Desemba 2009 ikaharibika tena, mwanga ukarudi Machi 2010. Waliokuwapo wanakumbuka jenereta, mishumaa na bei ya barafu. Kwa mwenye tangi la mwamba mtihani usingekuwa giza, maana matumbawe huvumilia siku mbili tatu bila mwanga kama yanavyovumilia siku za mawingu mazito. Kinachoua kwanza ni maji kusimama. Pampu ikizima, oksijeni haishuki chini, na katika saa chache samaki wanapanda juu kuhema. Fundi aliyejiandaa ana pampu ndogo ya hewa ya betri kabatini. Asiye nayo huchukua kata, akateka maji na kuyamimina kutoka juu, akateka tena, akamimina, usiku kucha kwa zamu na watu wa nyumbani. Inafanya kazi. Mkono unauma, lakini inafanya kazi.

Hata hivyo ustadi wa mtu huonekana zaidi siku ambayo umeme upo, vipimo viko sawa, na tumbawe moja limebadilika. Mtazame fundi hapo. Hagusi kitu. Anasogeza kiti, anainama mpaka pua inakaribia kioo, anatazama ugonjwa umeanzia wapi. Weupe ulioanza juu, upande wa taa, unasema mwanga umezidi. Weupe unaopanda kutoka chini ya shina, taratibu, kama upana wa ukucha kwa siku, mara nyingi unasema kiwango cha kaboneti kimekuwa kikipanda na kushuka. Ncha zilizoungua peke yake, shina likiwa zima, zinasema kaboneti iko juu huku chakula majini kikiwa haba. Anatazama pia kama weupe huo una nyama. Tumbawe lililopauka limeufukuza mwani wake lakini ngozi bado ipo, angavu kama glasi, na usiku vijimkono vyake hutoka kutafuta chakula. Hilo linaweza kupona. Lililokufa ni mfupa mtupu, na baada ya siku chache huota ukoga wa kijani. Ukiyachanganya hayo mawili utamtupa mgonjwa aliye hai.

Usiku hurudi na taa nyekundu, ambayo wanyama wengi wa baharini hawaioni vizuri. Hapo ndipo wezi hukamatwa: kaa mdogo aliyeingia na jiwe na anayenyofoa nyama, konokono mweupe aliyejibana kwenye tawi, au yule anemone wa kahawia aitwaye Aiptasia, ambaye ukimkata vipande kila kipande huweza kuwa anemone mpya. Kisha tu ndipo fundi hubadilisha kitu, na hubadilisha kimoja. Akishusha taa, chumvi haigusi. Hungoja wiki, hupima, huandika daftarini. Mwenye pupa hubadilisha vinne kwa mkupuo, tumbawe likipona hajui lilipona kwa lipi, likifa vilevile.

Daftari hilohilo utalikuta nje ya kioo, baharini. Mwamba wa kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi ya mji, ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, na walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Mtu aliyezoea kuutazama mwamba akitafuta tewa alifundishwa kuutazama kwa jicho la mfugaji: nini kimepauka, pono wako wangapi, kiti cha pweza yule mwenye miba, mla matumbawe, kaonekana wapi. Anapoonekana huokotwa mmoja mmoja kwa mkono, kwa tahadhari, kwa kuwa miba yake ina sumu. Joto la bahari la mwaka 1998, la 2016 na la 2024 liliyapausha matumbawe ya Bahari ya Hindi Magharibi, na hakuna feni ya kupuliza juu ya bahari. Kinachowezekana ni kuuondolea mwamba adha nyingine zote, nyavu, nanga na hao wenye miba, ili nguvu zilizobaki zitumike kupona.

Jambiani, upande wa mashariki, kazi imesogea hatua moja zaidi. Shirika la Marine Cultures, linalojulikana zaidi kwa kuwafundisha wanawake wa kijiji kilimo cha sponji baada ya kilimo cha mwani kuanza kuwaangusha, hukuza pia matumbawe kwenye kitalu cha majini na kuyapanda kwenye mwamba ulioharibika. Mbinu ni ileile ya mfugaji wa tangi. Tawi hukatwa kwa koleo kali, kwa pigo moja, bila kulisaga. Kipande hushikizwa mahali pasipotikisika, kwa sababu tumbawe linalotikisika halishiki. Likitulia, baada ya wiki mbili tatu nyama huanza kutambaa chini na kumeza alama ya mkato, na fundi anaweza kuona kwa jicho ukingo mweupe mwembamba ukisonga mbele. Baada ya hapo kazi ni kusafisha: ukoga ukiachwa utayafunika machipukizi kabla hayajapata urefu. Tawi la aina inayokua haraka laweza kuongeza sentimita kumi kwa mwaka. Yale manene ya duara, ambayo mafundi wa kale waliyakata yakiwa bado laini na kuchongea mihirabu, huongeza kama sentimita moja. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 1107 yaliyochongwa kwenye matumbawe. Kila jiwe la namna hiyo lilichukua miongo kukua kabla ya patasi kuligusa.

Kwa hiyo tawi la kuanzia halivunjwi mwambani. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya mkataba wa CITES, hayavuki mipaka bila kibali, na mwamba wa Unguja una mizigo ya kutosha. Anayeanza huanza na matumbawe laini, yanayosamehe makosa, na huyapata kwa mfugaji aliyemtangulia. Wazoefu hugawa vipande mapema, tena bure, wakati tawi lingali na afya na hakuna anayeomba. Si ukarimu mtupu. Siku tangi lao litakapokufa kwa pampu mbovu au usiku mmoja bila umeme, watakwenda kubisha hodi kwa yule waliyempa miaka mitatu iliyopita, kumwomba awakatie kipande cha tawi lao wenyewe.