Jinsi Kiti cha Singida Mashariki Kilivyotwaliwa Bila Kura

Katika kata ya Mwankoko, Manispaa ya Singida, ambako visima vyake hupeleka maji mjini, wako wazee walioishika kadi ya TANU kabla hawajaishika ya CCM, na kwao chama tawala ni amana waliyoachiwa na Mwalimu. Mpiga kura wa namna hiyo ndiye ninayemwita mhafidhina, na neno hilo silitamki kwa dharau, maana mtu apendaye kuihifadhi hali aliyoizoea ana haki ileile aliyo nayo apendaye mageuzi. Mwanasiasa ambaye wahafidhina wa mkoa huu, tangu mwaka 2010, wametamani kuliko wote kumwona akishindwa ni Tundu Antiphas Lissu wa CHADEMA, wakili, mzaliwa wa Mahambe wilayani Ikungi, mtu mkali wa ulimi na hodari wa sheria. Walimwona kuwa mvurugaji, nao walikuwa huru kumwona hivyo. Nakusudia kueleza jinsi tamaa yao ilivyotimizwa, na kwa nini utimizo huo haukuwa halali yao.

Njia ya kura ilijaribiwa kwanza, nayo haikufaa. Lissu alishinda Singida Mashariki mwaka 2010. Wanachama wa CCM wakafungua kesi kupinga ushindi huo, na Mahakama Kuu ikaitupa Aprili 2012. Naye akashinda tena mwaka 2015. Hapo mhafidhina mwenye insafu alikuwa na jambo moja tu la kufanya, yaani kungoja mwaka 2020 na kutafuta mgombea bora.

Lakini Septemba 7, 2017, Lissu alipokuwa akirejea nyumbani kwake Dodoma kutoka bungeni, alimiminiwa risasi na watu wasiojulikana, akakimbizwa Nairobi usiku uleule, na baadaye akapelekwa Ubelgiji, ambako alifanyiwa upasuaji mara nyingi. Alipokuwa huko ghaibu ndipo Ibara ya 71 ya Katiba ilipoanza kufanya kazi. Ibara hiyo husema kwamba mbunge atakayekosa kuhudhuria Mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika atakoma kuwa mbunge, na kwamba atakoma vilevile asipotoa tamko la mali zake kama Ibara ya 70 inavyotaka. Msomaji na aizingatie sana sura ya sheria hii, kwa kuwa siri yote imo humo: haidai kura ya wabunge, haidai shauri la kumsikiliza mhusika, wala haiulizi kama aliyekosa alikuwa mtoro au alikuwa kitandani. Ruhusa ikikosekana, kiti huanguka chenyewe, na kazi ya Spika huwa ni kutangaza na kuiarifu Tume ya Taifa ya Uchaguzi.

Juni 28, 2019, Spika Job Ndugai alitangaza bungeni kwamba Lissu amepoteza ubunge kwa sababu mbili: hakupata kumwandikia Spika kumjulisha alipo, na hakuwasilisha tamko la mali. Hoja ya wahafidhina nayo ilikuwa na uzito, kwamba mgonjwa aliyepata nguvu ya kuzunguka Ulaya na Marekani akihojiwa na vyombo vya habari asingeshindwa na barua moja. Mimi naikubali nusu yake. Barua ilikuwa nyepesi kuandikwa. Lakini maadamu taifa zima lilijua yuko hospitali gani na kwa sababu gani, dhima ya kuuliza ilikuwa juu ya Spika pia, na sheria ya utoro ilitungwa kwa ajili ya watoro.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Tume ilipanga uchaguzi mdogo ufanyike Julai 31. CCM ikamsimamisha Miraji Mtaturu, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Ikungi. Naye akatangazwa kupita bila kupingwa, akaapishwa mwanzoni mwa Septemba. Lissu alikwenda Mahakama Kuu, Dar es Salaam, akiomba uamuzi wa Spika uchunguzwe, na Septemba 9 ombi lake likakataliwa: mbunge mwingine amekwisha kupatikana, kwa hiyo njia iliyobaki ni kesi ya uchaguzi. Basi ukiupanga mfululizo wa siku hizo utaona kwamba ilipofika zamu ya mahakama kusema, kiti kilikuwa na mwenyewe.

Nani aliyedhulumiwa? Aghalabu hutajwa Lissu na wafuasi wake, na ni kweli. Lakini mimi namhesabu pia mhafidhina wa Ikungi, aliyeshindwa mara mbili sandukuni na kukesha miaka akingoja mara ya tatu, kisha akapewa mbunge ambaye hakumpigia kura hata moja. Alinyimwa ushindi aliokuwa na haki ya kuutafuta mwenyewe.

Mzee wa Mwankoko, ambaye jimbo lake ni Singida Mjini, alipata fursa ya kumkataa Lissu mara moja tu, Oktoba 28, 2020, alipogombea urais. Tume ilitangaza kura 1,933,271 za Lissu na 12,516,252 za John Magufuli. Upinzani uliyakataa matokeo, na Ibara ya 41 haikuruhusu mahakama yoyote kuyachunguza. Aprili 2025 Lissu alishtakiwa kwa uhaini, na chama chake kikazuiwa kushiriki uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Oktoba 29 jina lake halikuwamo katika karatasi ya kura, na mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97.

Kwa hiyo nawaomba wahafidhina wenyewe, ambao sauti yao ndani ya chama tawala husikilizwa kuliko yangu, wadai mambo mawili: Ibara ya 71 irekebishwe ili ugonjwa unaojulikana uhesabiwe kuwa ruhusa, na kiti kisitangazwe wazi kabla mahakama haijamsikiliza aliyekikalia, na mtu wanayetamani kumwona akishindwa arudishwe kwenye karatasi ya kura, wamshinde hapo.